Gretingi za faibaglasi kwenye njia ya foklifti: kisa cha kiwanda kimoja cha samaki Mwanza

Kisa hiki kinahusu kiwanda cha kuchakata sangara kilichopo kandokando ya Ghuba ya Mwanza. Jina la kiwanda, la muuzaji na ya watu wote yameondolewa, na vipimo vichache vimezungushwa ili mahali pasitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya mainjinia wa matengenezo, mafundi na maofisa manunuzi, kwa sababu vipeperushi vya faibaglasi sasa vinafika kila kiwanda cha ukanda wa ziwa, na vingi vinaahidi kwamba faibaglasi inachukua nafasi ya chuma popote. Si popote. Na pale inapofaa, inafaa kuliko chuma kwa mbali sana, ndiyo maana inauma kuona mtu akiitumia vibaya mara moja kisha akaikataa maisha yake yote.

Ninaposema gretingi nina maana ya vile vifuniko vya mbavu na matundu vinavyolazwa juu ya mitaro ya sakafuni na kwenye njia za juu za kupita watu.

Usuli

Kiwanda kinapokea sangara kutoka mialoni, kinatoa minofu kwa soko la nje, na mapanki na mabondo yanakwenda njia zake. Tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999 kwa wasiwasi wa uvuvi wa sumu, viwanda vya hapa haviwekei usafi mjadala. Sakafu inaoshwa kila zamu, maji hayakauki, na dawa hazikauki.

Gretingi zote zilikuwa za chuma kilichochovywa zinki. Kisa hiki kinahusu zaidi sehemu tatu. Ukumbi wa minofu una mitaro mirefu yenye uwazi wa milimita 400, ambayo watu na jeki za paleti za kusukuma kwa mkono hupita juu yake mchana kutwa. Nje kuna njia ya kupita juu ya mabwawa ya majitaka. Halafu kuna mlango wa chumba cha baridi, ambako foklifti ya kubeba tani 2.5 inavuka mtaro mara nyingi kila zamu. Mtaro huo wa tatu ndio uliozaa kisa.

Hali ilikuwa mbaya. Ukumbini zinki ilikuwa imekwisha na kutu imeanza kumeguka kwa magamba, jambo ambalo mkaguzi wa chakula hawezi kulifumbia macho. Kwenye mabwawa, mbavu zilionekana nzima kwa juu, lakini ukiingiza bisibisi kwa chini inapenya. Kwenye mlango wa baridi vifuniko vilikuwa vimebonyea katikati, na foklifti ikipita inadunda.

Kutu ilikuwa inatoka wapi

Kila mtu kiwandani alisema ni ziwa. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kuvuka rekodi ya mwaka 1964, sehemu ya njia ya majitaka ikafunikwa, na tangu hapo kila doa la kutu likasingiziwa ziwa na upepo wake. Lakini Ziwa Victoria ni la maji baridi. Upepo wake haubebi chumvi kama upepo wa bahari ya Tanga au Lindi.

Aliyetuonyesha chanzo ni mama msimamizi wa usafi wa zamu ya usiku. Alisema, "Injinia, shida haitoki ziwani. Kaa nasi mpaka saa saba usiku uone." Tukakaa. Povu la sabuni yenye kostiki soda lilimwagwa kwanza, likaachwa lilegeze mafuta ya samaki, likasuuzwa. Kisha ikaja klorini, ikipimwa kwa kopo lililokatwa juu, na ile iliyobaki kwenye ndoo ikamwagwa mtaroni, palepale juu ya gretingi, kwa sababu ndipo maji yanapokwenda. Mahali pa kumwagia ndoo palikuwa na kutu nene kuliko popote.

Zinki haivumilii asidi kali wala alkali kali, kostiki inaivua. Ikishavuliwa, kloridi inayotokana na dawa inashambulia chuma kilicho uchi. Ndiyo maana hata stenlesi ya daraja la 304, iliyopendekezwa na meneja mmoja, isingekuwa salama: klorini huitoboa vitobo vidogo vidogo. Daraja la 316 lingestahimili zaidi, lakini bei yake iliwashinda.

Kwenye mabwawa adui alikuwa mwingine. Majitaka ya samaki yakikosa hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Inapanda, inatua kwenye unyevu ulioganda chini ya gretingi, na bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfa. Kwa hiyo chuma kinaliwa kwa chini huku juu kukiwa safi. Mtu anayekagua kwa kutazama tu juu anaweza kumtuma mwenzake afe.

Maamuzi ya kwanza

Ukumbi na mabwawa havikuwa na ubishi mkubwa. Faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini. Haina cha kushika kutu. Kilichobaki kilikuwa kuchagua resini. Resini ya kawaida ya poliesta ni ya bei nafuu lakini alkali kali huivunja, na ikishapasuka alkali inazifikia nyuzi za kioo zenyewe. Kwa kuwa tulishaiona kostiki kwa macho yetu, tulitaka vinili esta, resini inayostahimili alkali zaidi. Ofisa manunuzi alilalamikia tofauti ya bei, akaonyeshwa ndoo, akaelewa.

Uso wa gretingi pia ulileta mazungumzo marefu. Muuzaji alipendekeza zenye mchanga juu kwa sababu hazitelezi. Kwenye mabwawa tulikubali. Ukumbini tulikataa: mchanga hushika vipande vya nyama na mafuta, na punje ikibanduka inaweza kuishia kwenye mnofu. Tukachukua zile ambazo mgongo wa kila ubavu una kibonyeo chembamba, ambazo hazishiki buti sawasawa na mchanga lakini brashi inazisafisha hadi chini. Na kwa ajili ya jeki za paleti, ambazo gurudumu lake ni dogo na jembamba, tukaagiza zenye matundu madogo ya milimita 20 juu badala ya 38, ili gurudumu lisizame na kugonga kila hatua.

Mlango wa chumba cha baridi ndipo tulipogawanyika.

Hesabu ya gurudumu

Kuna aina mbili kuu za gretingi za faibaglasi. Ya kwanza humiminwa kwenye kalibu: nyuzi hulazwa pande zote mbili, resini ikajaa, kikatoka kipande kimoja chenye nguvu inayolingana urefu na upana. Ya pili mbavu zake huvutwa kupitia tundu la moto zikiwa na nyuzi nyingi zinazokwenda upande mmoja, kisha huunganishwa. Hii ya pili ni kama ubao: ina nguvu kubwa kwa kufuata nyuzi, na kwa upande mwingine haina kitu.

Muuzaji aliwapa ofa ya ile ya kumiminwa, unene milimita 50, na jedwali lililoonyesha inabeba tani kadhaa kwa mita ya mraba juu ya uwazi wa milimita 400. Meneja uzalishaji aliona tani hizo, akaona foklifti, akaona inatosha. Jedwali halikuwa la uongo. Lilizungumzia mzigo uliotandazwa sawasawa juu ya eneo zima, kama magunia yaliyopangwa. Foklifti haijatandazwa.

Tukakaa mezani na kalamu. Foklifti ile ina uzito wa tani 3.8, ikibeba tani 2.5 jumla ni 6.3. Ikiwa na mzigo mbele, ekseli ya mbele hubeba karibu asilimia 88 ya yote, yaani tani 5.5, na kila gurudumu tani 2.75. Gurudumu la mpira mgumu hugusa sakafu kwa eneo la takriban milimita 150 kwa 150. Ukigawa tani 2.75 kwa eneo hilo dogo unapata mgandamizo wa tani 122 kwa mita ya mraba. Ofisa manunuzi aliirudia hesabu hiyo kwenye simu yake mara mbili. Tani 122 hizo hazilinganishwi moja kwa moja na namba ya jedwali, kwa kuwa eneo ni dogo, lakini zilimaliza ile dhana kwamba jedwali limejibu swali.

Jibu lenyewe linatafutwa kwenye mbavu. Ongeza asilimia 30 kwa kudunda na kufunga breki, gurudumu linakuwa na kilonewtoni 35. Likisimama katikati ya uwazi wa milimita 400, mbavu chache tu zilizo chini yake na za jirani ndizo zinazofanya kazi. Kwa chuma kilichokuwepo, mbavu za milimita 40 kwa 5 zilizopangwa kila milimita 30, mkazo ulitoka karibu newtoni 355 kwa milimita ya mraba. Chuma cha kawaida huanza kukunjika moja kwa moja kwenye 250. Kumbe gretingi za zamani zilikuwa dhaifu tangu siku zilipowekwa, kutu ilimalizia tu. Ile ya kumiminwa ya milimita 50 ilitoka karibu newtoni 170, na uwezo wake wa mwisho kabisa ni hapo hapo au juu kidogo. Hakuna akiba.

Na hapa ndipo chuma na faibaglasi vinapoachana kitabia. Chuma kikizidiwa hubonyea, kinakaa hivyo, kila mtu anakiona. Faibaglasi hunepa, inarudi, inanepa, inarudi, halafu inavunjika. Ukakamavu wa chuma, yaani uwezo wa kukataa kunepa, ni gigapascal 200. Wa faibaglasi ya kumiminwa ni kama 10 tu.

Jaribio

Niliandika kwamba ya kumiminwa isiwekwe pale. Uongozi ulikuwa na bei mbili mbele yake, ya kumiminwa na ya kuvutwa, na ya pili ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ya kwanza, kwa hiyo ukaomba ithibitishwe kwa vitendo. Tukakubaliana kivuko kimoja kati ya viwili kijaribiwe, kwa masharti: magogo ya mninga yapangwe ndani ya mtaro, milimita chache chini ya gretingi, ili ikivunjika gurudumu lisitumbukie, na kila asubuhi fundi aigeuze gretingi aitazame kwa chini.

Wiki za mwanzo hazikuwa na kitu, na maneno yakaanza kwamba injinia anatisha watu. Kisha fundi akaona weupe. Faibaglasi ya kijani ilikuwa imeota madoa meupe kama maziwa kwenye makutano ya mbavu, chini ya mapito ya gurudumu tu. Huo weupe ni resini inayopasuka nyufa ndogo na kuachana na nyuzi. Baada ya siku chache ukawa mistari, mistari ikawa nyufa za kupitisha ukucha, na mchana mmoja foklifti ikiwa na paleti ya maboksi ilivunja mbavu mbili, ikatua kwenye magogo. Dereva alishuka akiwa mzima. Bila magogo gurudumu lingeingia mtaroni na mlingoti ungeinamia upande wanakopita wapakiaji.

Ninawasihi wanaofanya majaribio ya namna hii: uwe na kitu cha kudaka mzigo. Kesi hii ilifundisha bila kumuumiza mtu kwa sababu ya mbao zile.

Suluhisho la mlangoni

Tukaagiza gretingi za kuvutwa za daraja zito: mbavu ngumu zisizo na uwazi ndani, upana milimita 15, kimo 50, kila milimita 25 ubavu mmoja. Kiwango cha Ulaya cha EN 13706 kinagawa profaili za kuvutwa katika madaraja ya E17 na E23, na tulitaka E23, ambayo ukakamavu wake ni gigapascal 23 na nguvu ya kupinda isiyopungua newtoni 240 kwa milimita ya mraba. Kwa gurudumu lilelile mkazo ulitoka 76, yaani akiba ya mara tatu, na kunepa milimita 1.7. Kipimo tulichojiwekea kilikuwa moja ya mia mbili ya uwazi, yaani milimita 2. Na muuzaji alitakiwa kuleta cheti cha jaribio la mzigo wa mahali pamoja. Kile cha mzigo uliotandazwa hatukukipokea.

Kabla ya kulaza, kikalio cha zege, yaani ukingo wa mtaro ambao ncha za gretingi hukalia, kilichongwa upya. Upande mmoja kilikuwa kimemeguka hadi milimita 15. Tulikirudisha hadi 40 kwa zege la kukauka haraka. Ncha zote zilizokatwa zilipakwa resini, maana ncha wazi hunyonya maji na kostiki kwenye nyuzi.

Hata hivyo usiku mmoja vipande viwili vilirudishwa vimegeuzwa, mbavu zikiwa sambamba na mtaro badala ya kuukatiza. Vilikuwa karibu mraba, vikaingia pande zote mbili. Kimoja kilichanika foklifti ya kwanza ilipopita. Fundi alichora mishale myekundu, nayo ikafutika kwa kusuguliwa. Kilichosaidia ni kuvikata upya na kuviunganisha kwa jozi, urefu ukawa karibu mara mbili ya upana, hivyo ukigeuza havikai.

Matokeo

Kwenye mlango wa baridi weupe haujaonekana tena. Kugeuza na kutazama kwa chini kumebaki kwenye ratiba, sasa kila mwezi.

Faida kubwa ilitokea ukumbini na hakuna aliyeipanga. Kifuniko cha chuma kilikuwa na kilo 33. Cha faibaglasi kina 11. Zamani mtaro ulifunguliwa mara moja kwa wiki, watu wawili na mtaimbo. Sasa mama mmoja anakiinua, na mitaro inasafishwa kila zamu. Harufu iliyokuwa ikisumbua upande wa ukataji imepungua kuliko kwa dawa yoyote iliyowahi kununuliwa.

Wepesi huo una upande wake. Kifuniko kinachoinuliwa kirahisi huachwa pembeni kirahisi, na shimo la wazi kwenye sakafu yenye povu ni hatari. Walifunga klipu za stenlesi. Wasafishaji wakaziacha bila kukazwa kwa sababu zinachelewesha. Mwishowe kila kifuniko cha tatu ndicho chenye klipu na kinavibana vya jirani. Hilo lilitoka kwa wasafishaji wenyewe.

Wizi wa vifuniko vya nje umekoma. Chuma kiliuzwika kama skrepa. Faibaglasi hakuna anayeinunua. Maana yake pia ni kwamba siku ikichakaa kiwanda hakitarudishiwa hata shilingi, na cha kuifanyia hakijulikani zaidi ya kuitupa.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Uamuzi wa kugawa kiwanda kwa sehemu ndio ulioubeba mradi. Kama wangebadili kila kitu kwa aina moja, kuvunjika kwa mlangoni kungeitia doa faibaglasi yote, na ukumbi ungerudi kwenye kutu. Kukaa na zamu ya usiku kulikuwa na thamani kuliko kipimo chochote cha maabara, kwa sababu kulituambia resini ipi inunuliwe.

Upande wa mafundi hatukuuandaa ipasavyo kama mradi. Mafundi wa kuchomelea ni hodari, wamezoea kutibu kila kitu kwa elektrodi, na faibaglasi haichomelewi. Mmoja alikata bomba juu ya gretingi mpya, cheche zikatoboa shimo na moshi mweusi ukajaa ukumbi. Wengine walikata vipande kwa diski ya kawaida bila barakoa, wakawashwa ngozi kwa siku kadhaa. Vumbi la kioo linataka diski ya almasi, maji, glovu na barakoa nzuri. Mafunzo ya nusu siku kabla ya mzigo kushushwa yangezuia yote mawili. Vipande vya akiba navyo vilikuwa vichache mno, na kipuri kinachotoka Dar es Salaam kinasafiri zaidi ya kilomita 1,000.

Kwenye mabwawa jua limeanza kuchuna uso wa juu na nyuzi zinachungulia. Nguvu bado ipo, lakini kupaka rangi ya polyurethani hakutasubiri sana.

Sehemu mbili zimebaki bila faibaglasi kwa makusudi. Karibu na jiko la kuchemshia mapanki kuna mvuke na chuma cha moto, na resini ikipata joto kali inalegea. Pale kimebaki chuma, kinachobadilishwa kila kinapoliwa. Ya pili ni lango la magari, ambako Fuso zilizojaa hukatiza mtaro. Muuzaji alileta ofa ya gretingi nene zaidi. Ekseli moja ya lori inaweza kufika tani 10, na tulipoangalia mchoro hatukuona sababu ya mtaro ule kuwa wazi pale kabisa. Mita sita za mtaro zimefukiwa bomba chini ya zege, zikaachwa mashimo mawili ya kusafishia pembeni, nje ya njia ya magurudumu.